Onesho la uwanjani Pangani: njia ya kuja, njia ya kurudi, na nani alinde

Swali: "Shikamoo mama. Mimi na wenzangu sita tunaandaa tamasha dogo la filamu Pangani, usiku tatu, kwenye uwanja wa wazi karibu na mto. Mwaka jana walikuja watu kama mia nne. Rafiki yetu kiziwi aliondoka filamu ya kwanza haijafika nusu. Usiku wa pili binti mmoja aliyekuwa akijitolea alishikwashikwa njiani kwenda chooni, na sisi tulikuja kujua baada ya wiki mbili. Mwaka huu mfadhili anataka tuweke mabaunsa kumi na tujenge rampu. Fedha hazitoshi vyote viwili. Tuanze na kipi?"

Marahaba mwanangu.

Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara jicho linakwama palepale: "baada ya wiki mbili." Mabaunsa na rampu tutavifikia. Kwanza niseme kwamba yule kijana na yule binti wamewaambia jambo moja. Kijana hakuelewa kinachosemwa na hapakuwa na wa kumuuliza, akaenda zake. Binti aliumizwa na hakumwona wa kumwambia, akanyamaza. Mfadhili amelikata hilo vipande viwili kwa sababu fomu yake ya bajeti ina mstari wa "ulinzi" na mstari wa "walemavu". Ninyi msilikate. Taa itakayomfikisha mwenye gongo chooni ndiyo hiyohiyo itakayomwanika anayejibanza ukutani.

Nami naongea kwa mguu wangu. Polio ilinipitia nikiwa mdogo, natembea kwa gongo, na kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yangu imekuwa kupanga watu wakae wapi na watokeje kwenye maonesho ya filamu, Unguja na huko kwenu pwani ya bara. Nimekaa sana kwenye ngazi za mawe za Ngome Kongwe, ambako tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, limekuwa likikusanya watu tangu 1998. Ile ngome waliijenga Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwaondoa Wareno, na waliijenga ili watu wasiingie. Mwenye kitimwendo akifika pale anaelewa kwamba walifanikiwa. Uwanja wenu hauna kuta wala ngazi. Mna mchanga, mna giza, na mna mto. Hivyo vitatu vinatibika.

Anzeni na mto. Chukua mtu wa Bweni, ng'ambo ya mto, mwenye kitimwendo anayetaka kuja kutazama. Anavuka kwa pantoni. Maji yakiwa yamekupwa, ule mteremko wa kushukia unapitika kwa magurudumu? Akishavuka, kuna bajaji itakayokubali kubeba na kiti chake? Kutoka barabarani hadi kwenye mikeka ni mita ngapi za mchanga? Akibanwa, choo kiko wapi na mlango wake una upana gani? Filamu ikiisha, pantoni la mwisho limeondoka saa ngapi? Mkikwama kwenye swali moja tu hapo, rampu inakuwa pambo. Niliwahi kuona rampu safi ya saruji, imepigwa na rangi, inaishia kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo amekwenda kula.

Halafu rudieni safari hiyohiyo kwa miguu ya msichana wa miaka kumi na minane anayerudi Bweni peke yake usiku. Mtaona maswali hayabadiliki.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata msumari, pangeni jioni moja mtembee. Saa mbili usiku, giza limeshaingia, watu wanne: anayetumia kitimwendo au gongo, kiziwi, asiyeona au mwenye uoni hafifu, na msichana. Nyinyi waandaaji mfuate nyuma na daftari, midomo mmefunga. Watembee kutoka gatini hadi uwanjani, hadi chooni, hadi stendi ya bodaboda, warudi. Na muwalipe. Mnamlipa fundi wa jenereta anayekuja kuangalia waya. Hawa nao ni mafundi wa kazi wanayoijua tangu kuzaliwa. Huu mtindo wa kumwita mtu mwenye ulemavu "mgeni wetu maalumu", akapewa soda na kiti cha mbele apigwe picha za ripoti, umenichosha. Mkiwa hamna watu mnaowajua, kuna CHAVITA kwa viziwi, Chama cha Wasioona, na SHIVYAWATA inayoviunganisha vyama vyote hivyo. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri atawaonesha waliko. Ila wa kwanza kumtafuta ni yule rafiki yenu aliyeondoka. Mwombeni radhi, kisha mumkaribishe awe mmoja wenu kwenye kamati, mwenye kura, tangu siku ya kuchagua filamu. Kule Brighton, Uingereza, tamasha la Oska Bright linaongozwa na watu wenye ulemavu wa akili wenyewe, na ndio wanaochagua filamu. Hakuna anayewauliza mwishoni kama viti vimekaa vizuri, maana viti vimepangwa na wao.

(Neno lenyewe tunalosomewa kwenye semina ni "ufikivu". Sina ugomvi nalo, lakini mpeni bibi yeyote wa Pangani alitumie kwenye sentensi. Ninyi ulizeni tu, "kunafikika?" Atawajibu.)

Sasa mchanga. Msijenge rampu. Kwenye uwanja tambarare rampu ya kupandia wapi? Mnachohitaji ni njia ngumu juu ya mchanga, na njia hiyo inaazimwa. Shiti moja ya plaiwudi ni futi nane kwa nne, yaani mita 2.4 kwa 1.2. Kwa njia ya mita thelathini mnahitaji shiti kumi na tatu. Chukueni nene, za milimita 18, nyembamba zitapinda na kuvunjika. Zungumzeni na seremala awakodishe kwa siku nne, mmrudishie zikiwa nzima. Viungio vifungwe kwa kipande cha ubao chini ili gurudumu lisizame katikati, na kingo mzipake chokaa nyeupe zionekane usiku. Mtashangaa nani atazipita kwanza: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee wa magoti, muuza kashata na sinia lake. Jukwaa la mazungumzo, kama mmepanga la sentimita 45, liacheni. Kanuni ya mteremko salama ni kwamba kila sentimita kumi za kwenda juu zinataka sentimita 120 za urefu, kwa hiyo jukwaa hilo lingetaka rampu ya mita tano na nusu hivi. Wazungumzaji wakae chini kwenye jamvi kama hadhira. Mmeokoa fedha, na mazungumzo yatakuwa matamu zaidi.

Choo ndicho kitakachowapa kazi. Hapo ndipo binti aliumizwa, na hapo ndipo mimi binafsi nimekata tamaa kwenye matamasha mengi kuliko mahali pengine popote. Nimeshakaa saa tano bila kunywa maji ili nisikihitaji. Choo cha kuchuchumaa hakimfai mwenye miguu iliyopooza. Tafuteni nyumba ya wageni au ofisi ya jirani yenye choo cha kukaa, muombe usiku tatu, mlipie maji na usafi. Pimeni mlango: chini ya sentimita 80, vitimwendo vingi vinapita kwa taabu au havipiti. Njia ya kwendako iwe moja, imenyooka, ina taa mwanzo hadi mwisho, na pawe na watu wenu wawili wamekaa pale muda wote, mmoja awe mwanamke. Wakae kwenye viti, wawe na chupa ya chai, wazungumze. Mtu mbaya hapendi njia yenye watu wanaokunywa chai.

Nije kwa rafiki yenu kiziwi. Nadhani najua kilichotokea. Filamu ilikuwa ya Kiswahili, na kama ilikuwa na maandishi ya chini, yalikuwa ya Kiingereza. Waandaaji wetu wengi hufikiri maandishi ni ya mgeni asiyejua Kiswahili, hawamfikirii Mswahili asiyesikia. Basi kiziwi wa Pangani anaketi kwenye filamu iliyotengenezwa Dar es Salaam, na lugha pekee anayopewa kuisoma si yake. Wekeni sharti tangu kwenye fomu ya kupokea filamu: kila filamu ya Kiswahili ije na maandishi ya Kiswahili. Yasiishie kwenye maneno ya wahusika. Mlango ukigongwa nje ya picha, kiandikwe kwamba mlango unagongwa. Mtu akinong'ona, ijulikane ananong'ona na ni nani. Mistari isizidi miwili, herufi kama arobaini kila mmoja, na yakae muda wa kutosha kwa sababu maneno yetu ni marefu: "hawakunitambulisha" ni neno moja, msomaji analivuta kama gari moshi. Herufi nyeupe juu ya kivuli cheusi, maana mwezi ukitoka na shuka lenu likapauka, herufi tupu hazisomeki.

Halafu kuna kosa ambalo nimelifanya mwenyewe. Tuliandaa maandishi mazuri mwezi mzima. Usiku wa kwanza watu wakakaa kwenye mikeka, na vichwa vya waliokaa mbele vikafunika sehemu ya chini ya skrini, penyewe palipokuwa na maandishi. Viziwi wetu walitazama migongo. Inueni skrini: ukingo wa chini uwe juu ya kifua cha mtu aliyesimama, au mwombe maandishi yapandishwe juu ya picha. Jaribuni mkiwa mmeketi, msijaribu mkiwa mmesimama na projekta.

Maandishi peke yake hayatoshi. Viziwi wengi lugha yao ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, na wengine shule iliwapita. Hotuba, matangazo na mazungumzo na watengenezaji yanahitaji wakalimani, na nasema wakalimani kwa wingi. Mmoja hawezi kufasiri saa mbili. Baada ya dakika ishirini hivi akili na mikono huchoka, kwa hiyo wanapokezana. Mkiwatoa Tanga mjini, weka nauli na pa kulala. Nguo zao ziwe za rangi moja inayotofautiana na ngozi, nyuma yao pawe na kitambaa kisicho na maua, na waangaziwe na taa yao wenyewe. Taa hiyo iwe ya betri. Kumbuka neno hilo, betri, nitalirudia.

Kwa wasioona, sisi tuna urithi ambao wenzetu wengi hawana. Wataalamu wa nje wanakuja kutufundisha namna ya kumsimulia asiyeona kinachoonekana kwenye picha, kana kwamba hatujawahi kukaa kibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani. Nani wa umri wangu hakumsikia Lufufu akitafsiri filamu kwa Kiswahili? Watu walilipia kiingilio kumsikiliza yeye, filamu ikawa kisingizio. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana wale wanaowaita maVJ. Kusimulia filamu kwa sauti mbele ya hadhira ni fani yetu. Tofauti ni kwamba DJ anatafsiri, anatania, anaongeza chumvi. Msimulizi wa wasioona anasema kinachoonekana na kinachohitajika, kwenye mapengo kati ya maneno ya wahusika, kisha ananyamaza. "Anafungua bahasha. Ni picha ya mama yake." Basi. Mtafuteni kijana mwenye sauti, aitazame filamu mara tatu, aandike, afanye mazoezi mbele ya asiyeona mmoja ambaye atamkatisha kila anapobwabwaja. Usiku mmoja kati ya mitatu, filamu moja isimuliwe hivyo kwa wote kwenye spika. Usiku huo hadhira itakuwa kubwa kuliko mnavyodhani.

Watu wenye ualbino nawaweka peke yao, kwa sababu kwao kuona na kuwa salama havitenganiki hata kidogo. Wengi wana uoni hafifu, kwa hiyo mikeka ya mbele pembeni iwe yao bila kuombwa. Na kama mna foleni ya tiketi alasiri, iwe kivulini. Hilo ni rahisi. Gumu ni kurudi nyumbani. Nchi hii inajua yaliyowapata watu hawa, kuuawa na kukatwa viungo, hasa kuanzia miaka ya 2006 na kuendelea, na mama mwenye mtoto mwenye ualbino hatamleta uwanjani usiku kwa ahadi ya mdomo. Muulizeni yeye nini kitamfanya aje. Wengine watataka kuja na majirani kumi kwa gari moja na kuondoka pamoja. Wengine watataka onesho la saa kumi jioni ndani ya darasa. Na tafadhali, msiandike orodha. Nimeona meza ya mapokezi ina karatasi ya "mahitaji maalumu", jina, aina ya ulemavu, mtaa, simu, imelazwa wazi kila apitaye anasoma. Kwa mtu mwenye ualbino karatasi ile ni hatari. Mahitaji yaulizwe kwa simu na mtu wenu mmoja, ayaweke kichwani au kwenye daftari lake, na tamasha likiisha yachanwe.

Sasa lile neno betri. Umeme utakatika. Mnajua na mimi najua. Giza la sekunde kumi ndilo saa ya mwizi wa simu na ya mwenye mikono mirefu, na ndilo saa ambayo kiziwi hasikii tangazo wala haoni mkalimani, na asiyeona anasikia watu mia nne wakinyanyuka bila kujua kwa nini. Taa ya mkalimani ikiwa ya betri, inabaki. Wekeni nyingine za sola nne: chooni, getini, na mbili kwenye kingo za uwanja. Mtu mwenye kipaza sauti cha betri aseme maneno yaleyale kila mara, kwa utulivu: umeme umekatika, kaeni, tunawasha jenereta. Kubalianeni na viziwi ishara moja ya tochi. Fanyeni mazoezi usiku wa kabla, mzime kwa makusudi. Na milango: kama uwanja umezungushiwa turubai, toka ziwe mbili au tatu, pana, bila kamba wala kufuli, na mikeka isizizibe. Mwaka 2008 Tabora, sikukuu ya Idi, watoto karibu ishirini walikufa kwenye ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Kila ninapoona geti moja na kijana anayelifunga ili watu wasiingie bure, nawakumbuka wale.

Ndipo nafika kwa mabaunsa. Sikatai ulinzi getini. Julai 2010 Kampala, watu waliokaa kutazama fainali ya Kombe la Dunia kwenye skrini kubwa walilipuliwa kwa mabomu, wakafa zaidi ya 70. Tangu hapo sishangai mfuko wangu ukipekuliwa. Toeni taarifa polisi, mwenyekiti wa mtaa ajue, vibali vya Bodi ya Filamu na halmashauri viwe mkononi mapema. Wekeni wawili wenye mafunzo getini, mwanamke awapekue wanawake, na waelezwe mambo machache: asiyejibu ukimwita huenda hasikii, usimkamate kwa nguvu, fimbo nyeupe si silaha, kitimwendo ni sehemu ya mwili wa mtu, hakisukumwi wala kuguswa bila ruhusa. Hao wanatosha. Fedha za wale wanane waliobaki, mfadhili azielekeze kwa watu wenu.

Watu wenu ni nani? Tazama nani anaijua Pangani usiku. Mama ntilie anayewajua vijana wote kwa majina ya mama zao. Dereva wa bodaboda anayeaminika kijiweni. Mwalimu mstaafu. Kijana kiziwi mmoja, maana viziwi wengi huona kwa pembe ya jicho yale ambayo sisi tunayakosa tukiwa tunasikiliza. Kumi na wawili, nusu au zaidi wanawake, wanalipwa, wanaanza kufundishwa wiki mbili kabla. Sisi mwaka mmoja tulinunua doti sita za kanga ya aina moja, tukapata vipande kumi na viwili, kila mmoja akajitanda au akajifunga begani. Ilikuwa rahisi kuliko fulana, na ilikuwa na faida ambayo sikuitarajia: mtoto aliyepotea aliikimbilia kanga. Asingemkimbilia baunsa.

Hapa lazima niwatahadharishe, kwa sababu watu wanaosifu ulinzi wa jamii hupita haraka mahali hapa. Jamii ikilinda bila mpaka inageuka umati. Mnajua neno moja tu likipazwa, "mwizi!", kinachofuata. Kazi ya kwanza ya wenye kanga ni kuzuia kipigo, hata kwa aliyekosa kweli. Wafundisheni kumtoa mtu pembeni, wawili wawili, bila kupaza sauti, bila kumtangaza. Atakayempiga mtu anavua kanga palepale. Na wasijifanye mahakama: hawachunguzi, hawapatanishi, hawamuulizi msichana alikuwa amevaa nini.

Anayelalamika afanyiwe hivi. Apelekwe mahali pa kukaa penye mwanga na pasipo macho ya watu, na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe. Asikilizwe mara moja, asirudishwe kusimulia kwa kila kiongozi anayefika. Aliyetajwa aondolewe uwanjani usiku huo kwanza, maswali baadaye. Kukosa filamu moja hakujamwua mtu. Yeye ndiye aamue kama anataka kwenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na mtu wenu amsindikize na asimwache hadi mwisho. Kama ameumizwa kimwili, hospitali ni usiku uleule, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ifuatiliwe na ninyi, asihangaike nayo yeye. Akiwa mtoto hakuna cha kuamua: ripoti inatolewa, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haina malipo, na anayekuja na habari za "tuyamalize kifamilia" mwambieni kwa adabu kwamba hayamalizwi hivyo. Haya yote yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, yasomwe kwa sauti na yafasiriwe kwa alama kila usiku kabla ya filamu, na kanga ioneshwe. Binti yenu alikaa wiki mbili kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia usiku wa kwanza: likikupata jambo, mwendee huyu.

Na wa kwanza kuambiwa sheria hizi wawe wakubwa. Nilikuwa kwenye tamasha moja, silitaji, ambako mgeni mwenye jina alimshika dada wa mapokezi, na viongozi wetu wakamwambia dada, "Msamehe, ni mgeni, kesho anaondoka." Aliyeondoka ni dada, hakuja tena kazini, na mimi niliyekuwepo sikusema neno. Kwenye filamu kuna hila ya ziada: mwenye kamera humwahidi binti nafasi. Kuomba ngono ili umpe mtu kazi au nafasi iliyo mkononi mwako ni kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Kiwekeni hicho kwenye barua ya mwaliko ya kila mtengenezaji, asaini. Mwenye kuchukia hilo mmemjua mapema.

Saa. Pwani hii onesho lianze saa mbili na nusu, watu wameshaswali Isha, na liishe si zaidi ya saa nne na nusu. Nendeni mkaongee na wa pantoni kuhusu safari ya mwisho, na kama inawezekana ingojee robo saa. Madereva sita wa bodaboda na bajaji mbili wakubaliane nanyi bei isiyobadilika usiku huo, wavae kile kipande cha kanga, na anayepakia abiria namba yake iandikwe. Filamu yenye mwanga wa kupepesa haraka itangaziwe kabla, kwa ajili ya wenye kifafa. Mkeka mmoja uwekwe mbali na spika kwa watoto wasiovumilia kelele na wazee wenye presha. Msaidizi wa mtu mwenye ulemavu anaingia bila tiketi.

Mfadhili atauliza rampu iko wapi. Mwambieni Tanzania iliridhia mwaka 2009 ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na ibara yake ya 30 inazungumzia filamu kwa jina lake. Saruji haikutajwa. Mpeni hesabu ya plaiwudi, wakalimani, taa, posho za wenye kanga na nauli, muiweke kwenye mstari mmoja. Sijakutana na mfadhili aliyekataa baada ya kutembezwa ile safari ya usiku; wengi wanaishia kwenye mchanga, na viatu vyao mkononi.

Jumamosi nenda na futi ya fundi ukapime mlango wa kile choo cha jirani, halafu uniandikie ni sentimita ngapi. Ukiwa chini ya 80, usikate tamaa: kama mlango unafungukia ndani na unagonga kitu kabla haujafunguka wote, bawaba zikigeuzwa ukafungukia nje, unapata nafasi iliyokuwa imepotea.